Jeni moja, majibu mawili: kisa cha kolajeni ya mfupa na saitokini

Kisa hiki kilitokea katika maabara ndogo ya baiolojia ya mfupa. Watafiti wawili, wakitumia seli za aina moja na dawa za kundi moja, walifikia majibu yanayopingana kabisa, na kila mmoja aliamini mwenzake hajui kushika pipeti. Nilikuwa miongoni mwa walioitwa kupitia data. Majina, mahali na tarehe nimeviondoa, na mambo machache yasiyogusa hoja nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Nitawaita A na B.

## Usuli

Ukitoa madini kwenye mfupa, kinachobaki ni utando mgumu unaopindika bila kuvunjika. Takriban asilimia 90 ya utando huo ni kolajeni ya aina ya I. Fikiria ukuta wa udongo: madini ni udongo, kolajeni ni fito. Fito zikiwa chache au mbovu, udongo hauna pa kushika.

Molekuli moja ya kolajeni hii ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja: mbili za alfa-1 na moja ya alfa-2. Kwa binadamu, jeni ya alfa-1 (COL1A1) iko kwenye kromosomu ya 17 na ya alfa-2 (COL1A2) kwenye kromosomu ya 7. Kiasi kinachotengenezwa si jambo dogo. Mtu aliyezaliwa na nakala moja tu ya COL1A1 inayofanya kazi hutengeneza kolajeni iliyo sawa kabisa kwa umbo, ila ni kama nusu ya inayohitajika, na hiyo nusu inayokosekana inatosha kumpa mifupa inayovunjika kwa urahisi tangu utotoni.

Upande wa pili wa hadithi ni mchochota, yaani ule mwitikio wa mwili wenye wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Mchochota ukidumu karibu na mfupa, kama katika baridi yabisi ya viungo, ugonjwa wa fizi, au kuzunguka kiungo bandia kilicholegea, mfupa hupungua. Lawama huangukia osteoklasti, seli zinazokula mfupa. Hazijaonewa, lakini kuna swali linalosahaulika: kwa nini osteoblasti, seli zinazojenga, hazizibi pengo? Kwa wagonjwa wa baridi yabisi, mashimo yaliyochimbwa kwenye mfupa ni nadra kuzibika vizuri hata baada ya miaka.

Maabara ilitaka kujibu kipande kimoja cha swali hilo: je, saitokini (protini ndogo ambazo seli hutumia kupelekeana ujumbe) mbili kuu za mchochota, TNF-alfa (TNF) na interlukini-1 beta (IL-1 kwa kifupi), huinyamazisha jeni ya kolajeni ndani ya osteoblasti?

## Kilichotokea

A alianza. Alichukua osteoblasti kutoka mifupa ya fuvu ya vichanga vya panya wa maabara, akazikuza kwenye sahani za visima 6, na zilipokaribia kufunika sakafu ya kisima akaziwekea saitokini. Kwa TNF alivuna baada ya saa 6. Kwa IL-1 alivuna baada ya saa 24. Akapima mRNA (nakala ya jeni ambayo seli huisoma kutengeneza protini) ya Col1a1 (jina la jeni hiyo hiyo kwa panya) kwa PCR ya wakati halisi, njia ya kuzidisha nakala mzunguko kwa mzunguko hadi zihesabike. TNF haikubadilisha kitu. IL-1 ilipandisha Col1a1 kidogo, na alipolirudia jaribio ikapanda tena. Akaandika kwenye ripoti ya ndani kwamba mchochota hauizimi jeni ya kolajeni, na muhtasari ukatumwa kwenye mkutano wa kisayansi.

B alijiunga miezi kadhaa baadaye. Yeye alipenda seli zilizokomaa. Alizikuza siku 14 zikiwa na vitamini C na chanzo cha fosfati hadi zikaanza kuweka utando wao wenyewe, ndipo akaziwekea saitokini kwa saa 72. Akakuta Col1a1 imeanguka hadi sehemu ya nane ya kiasi cha kawaida, kwa TNF na kwa IL-1.

Kikao cha kwanza kilikuwa kibaya. B alisema dawa za A, yaani saitokini zake, zilikuwa zimekufa kwa kugandishwa na kuyeyushwa mara nyingi. A akajibu kwamba seli za B zilikuwa zinakufa taratibu kwa saa 72 hizo, na seli inayokufa haitengenezi kolajeni, kwa hiyo anguko halikuwa na maana yoyote. Mtu mmoja akapendekeza, kwa nia njema, wachukue wastani wa matokeo yote. Mkuu wa maabara alimtazama kwa muda, kisha akasema, “Mmoja anasema mvua, mwingine anasema jua. Wastani wake ni mawingu?”

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha majibu yote mawili. Muhtasari wa mkutano uliondolewa kabla ya kuchapishwa. A aliumia, na sikumlaumu, lakini kulikuwa hakuna njia nyingine ya haki.

Wa pili ulikuwa kuhakiki dawa. Saitokini nyingi za maabara hutengenezwa ndani ya bakteria wa E. coli, na masalia ya ukuta wa bakteria hao, yaani endotoksini, huamsha mchochota yenyewe kupitia kipokezi cha TLR4. Kuna kipimo cha kizamani ninachokipenda: chemsha sehemu ya saitokini. Protini itaharibika kwa joto, endotoksini itavumilia. Ikiwa dawa iliyochemshwa bado inafanya kazi, ulikuwa unapima uchafu. Kwa IL-1 waliongeza pia kizuizi chake cha asili, IL-1Ra, kinachokalia kipokezi bila kukiamsha. Seli zilipimwa mikoplazma, bakteria wasio na ukuta wanaoweza kuishi ndani ya seli za maabara kwa miezi bila maji ya lishe kuonyesha ukungu wowote.

Dawa zilikuwa hai na safi. Mikoplazma haikuwepo. Hapo ndipo watu walipoanza kunyamaza, maana maelezo rahisi yalikuwa yamekwisha.

Uamuzi wa tatu, ambao kwa maoni yangu ndio uliookoa kazi nzima, ulikuwa kufungua namba ghafi za PCR badala ya grafu. Nilikaa na B mbele ya kompyuta. Katika PCR, namba ya Ct ni mzunguko ambao ishara inaanza kuonekana. Ikishuka kwa mzunguko mmoja, maana yake kulikuwa na mRNA maradufu mwanzoni. B alilinganisha Col1a1 na jeni rejea moja tu, GAPDH, inayodhaniwa kuwa haibadiliki. Tulisoma safu ya GAPDH kutoka juu hadi chini. Visima visivyo na dawa: 17 na kitu. Visima vya TNF: 16 na kitu. Kisima baada ya kisima, sahani baada ya sahani.

“Hii si ndiyo rula yangu?” B akauliza.

Ndiyo, ilikuwa rula yake, na ilikuwa imerefuka. GAPDH ni kimeng'enya cha kuvunja sukari, na seli iliyo kwenye mchochota huchoma sukari zaidi. Jeni rejea ikipanda maradufu, kila kinachopimwa dhidi yake huonekana kimeshuka kwa nusu. Anguko la mara nane likawa la mara nne. Bado ni anguko kubwa, lakini nusu yake ilikuwa ya rula. Mwongozo wa MIQE wa mwaka 2009 kuhusu PCR ya wakati halisi unatahadharisha juu ya kutegemea jeni rejea moja isiyothibitishwa. Kila mtu katika chumba kile alikuwa ameusoma. Kuanzia hapo walitumia jeni rejea tatu, baada ya kuthibitisha kwamba hazitikisiki kwa saitokini katika seli hizi hizi.

Uamuzi wa nne ulikuwa jaribio moja la pamoja. Seli kutoka kundi moja la vichanga, nusu changa kama za A, nusu zilizokomaa kama za B. Uvunaji baada ya saa 3, 6, 12, 24, 48 na 72. Mtu wa tatu aliweka namba za siri kwenye mirija, na hakuna aliyejua anapima nini hadi hesabu zote zilipofungwa.

Ndani ya jaribio hilo kulikuwa na kipimo kidogo kilicholeta jibu kubwa. mRNA ya kolajeni hudumu muda mrefu kwenye seli inayoitengeneza kwa wingi. Fikiria ghala lililojaa: ukifunga kiwanda asubuhi, mchana ghala bado linaonekana limejaa. Anayehesabu magunia ghalani atasema kiwanda kinafanya kazi. Kwa hiyo, pamoja na mRNA iliyokamilika, walipima nakala changa ambazo bado zina introni, vile vipande vinavyokatwa mara baada ya jeni kunakiliwa. Nakala hizo hazikai, hivyo huonyesha kinachofanyika kiwandani wakati huo huo. Shida yake ni kwamba praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) za introni hukamata pia DNA yenyewe ya jeni. Ilibidi kila sampuli isafishwe kwa kimeng'enya cha kuvunja DNA, na kila moja ipimwe pia bila kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA, kuhakikisha ishara haitoki kwenye mabaki. Sampuli mbili zilitupwa kwa sababu hiyo.

Mwisho waliongeza indomethasini, dawa inayozuia vimeng'enya vya COX, kwenye baadhi ya visima. IL-1 huamsha kimeng'enya cha COX-2, na COX-2 husababisha kutengenezwa kwa prostaglandini E2, ambayo nayo ina athari zake kwa osteoblasti, nyingine za kujenga. Walitaka kujua kama kupanda alikokuona A kulitoka kwa IL-1 moja kwa moja au kwa huyo mpiga debe wake.

## Matokeo

TNF: baada ya saa 6, mRNA iliyokamilika ya Col1a1 haikuwa imebadilika, kama A alivyosema. Lakini nakala changa zilikuwa tayari zimeshuka wazi. Kiwanda kilifungwa mapema, ghala likachelewa kuonyesha. Kufikia saa 24 mRNA iliyokamilika ilianza kufuata, na kwa saa 48 na 72 anguko lilionekana hata kwa jicho lisilo na subira.

IL-1 ilikuwa na tabia mbili. Kwenye seli changa, saa 24 za kwanza zilileta ongezeko dogo la Col1a1, kisha mstari ukageuka na kuanguka kadiri dawa ilivyoendelea kukaa. Kwenye seli zilizokomaa kupanda kulikuwa hafifu sana na kuanguka kukaja mapema. Indomethasini ilipunguza ule mwinuko wa mwanzo bila kuufuta, na haikuzuia anguko la baadaye. Kwa hiyo prostaglandini zilikuwa sehemu ya hadithi, na anguko lilikuwa na njia nyingine.

Hofu ya A kuhusu seli kufa haikuthibitika. Kiasi cha DNA kwa kisima hakikushuka baada ya saa 72. Katika visima vya seli changa kilipanda kidogo, yaani seli zilikuwa zikigawanyika huku zikijenga kidogo. Hilo nalo ni fundisho la upimaji: kolajeni ikihesabiwa kwa kisima kizima bila kugawanya kwa DNA, wingi wa seli ungeficha uvivu wa kila moja.

Waliosha pia saitokini kutoka visima vichache baada ya saa 24 na kuziacha seli zipumzike. Col1a1 ilirudi karibu na kawaida. Zilizokaa na dawa saa 72 zilirudi pole pole zaidi.

## Uchambuzi

Tuanze na aliyekuwa sahihi. Wote wawili, kila mmoja kwa saa yake. Kosa la A lilikuwa sentensi aliyoijenga juu ya namba zake. “Baada ya saa 6 mRNA haijabadilika” ni kauli inayosimama. “TNF haiizimi jeni” ni kauli nyingine kabisa, na data yake haikuweza kuibeba, kwa sababu alipima ghala na akatoa hukumu juu ya kiwanda. B naye alipata mwelekeo sahihi kwa rula mbovu. Mtu aliyebahatika kuwa sahihi ni mgumu kusahihisha kuliko aliyekosea, na ilichukua muda kumshawishi kwamba namba zake zilihitaji kuhesabiwa upya hata kama hadithi haikubadilika.

Kuhusu utaratibu ndani ya seli, njia inayojulikana zaidi ni hii. TNF ikigusa kipokezi chake cha TNFR1, huamsha NF-kappaB, protini inayowasha jeni za mchochota. Matokeo yake, vinara wanaoiongoza seli kuwa osteoblasti kamili, Runx2 na osteriksi, hupungua: jeni zao hunakiliwa kidogo, na protini ya Runx2 iliyopo huwekewa alama ya kuharibiwa na vimeng'enya kama Smurf1. Runx2 ikipungua, Col1a1 hupoteza mmoja wa wanaoisukuma. Hii inaeleza kwa nini hatua ya ukomavu wa seli ilikuwa na uzito katika jaribio. Seli iliyokomaa ina kazi kubwa ya kolajeni inayotegemea vinara hao, kwa hiyo ina cha kupoteza. Seli changa ina mambo mengine ya kufanya.

Kuna jambo dogo la dawa ambalo nusura lipite. A alitumia TNF ya binadamu, B ya panya. TNF ya binadamu hushika vizuri TNFR1 ya panya, lakini kipokezi cha pili cha TNF, TNFR2, cha panya hakiitambui. Kwa kuwa kuzimwa huku kwa Col1a1 hupitia hasa TNFR1, jambo hilo halikubadilisha jibu safari hii. Kama swali lingekuwa juu ya TNFR2, A angepoteza mwaka.

Sehemu ninayoona ilishindwa ni protini. Walipotaka kuonyesha kwamba mRNA ikishuka na kolajeni inashuka, majaribio ya zamani ya A hayakufaa hata kidogo, na sababu ilikuwa ndani ya chupa. A alikuza seli kwenye maji ya lishe aina ya DMEM, ambayo hayana vitamini C. B alitumia aina ya alfa-MEM, ambayo kwa kawaida inayo, na juu yake akaongeza nyingine. Bila vitamini C, vimeng'enya vinavyoweka haidroksili (kikundi cha oksijeni na haidrojeni) kwenye prolini, mojawapo ya asidi amino za kolajeni, havifanyi kazi, na nyuzi tatu za kolajeni zisizo na haidroksili haziwezi kushikana kwenye joto la mwili. Msokoto wao hufunguka kwenye nyuzijoto 24 hivi. Jeni inanakiliwa, mRNA inasomwa, minyororo inatengenezwa, kisha inabaki ndani ya seli au inavunjwavunjwa. Visima vya A visivyo na dawa yoyote havikuwa na utando wa maana. Huwezi kuonyesha kwamba kitu kimepungua pale ambapo hakikuwepo.

Hata kwa B kulikuwa na ufa. Vitamini C ya kawaida huharibika kwa saa chache kwenye maji ya lishe yenye joto. Alibadilisha maji kila siku mbili, ikimaanisha seli zake ziliishi kwa zamu za shibe na njaa. Walihamia kwenye askobeti-2-fosfati, aina ya vitamini C inayodumu, na ndipo haidroksiprolini (prolini yenye haidroksili) kwenye utando na propeptidi ya P1NP iliyomwagwa kwenye maji ya lishe zilipoanza kusema lugha moja na mRNA. P1NP ni kile kipande kinachokatwa kwenye ncha ya prokolajeni inapotoka nje ya seli, na ndicho hicho hicho hospitali hupima kwenye damu kukadiria kasi ya ujenzi wa mfupa. Ulikuwa uamuzi mzuri kukitumia, kwa sababu uliwapa kipimo kinachoeleweka pia na daktari.

Niliulizwa kama kupanda kwa mwanzo kwa IL-1 ni kelele tu ya chupa. Sidhani. Mfupa uliovunjika huanza kupona kwa mchochota: TNF na IL-1 hupanda ndani ya siku ya kwanza, kisha hushuka, na panya walioondolewa vipokezi vya TNF huchelewa kuunga mfupa. Mchochota mfupi huita seli kazini. Mchochota usioondoka huzifungia lango. Kwa macho yangu, jaribio la kuosha saitokini baada ya saa 24 ndilo lenye thamani kuliko yote katika kisa hiki, na lilifanyika kwa visima vichache mno, karibu kama nyongeza, kwa sababu muda wa mashine ulikuwa umekwisha.

Kitu kimoja hakikurekebishika. Sampuli za RNA za A kutoka majaribio ya awali zilikuwa zimetupwa mara baada ya kupimwa, ili kupata nafasi kwenye friza. Nakala changa zenye introni zingeweza kupimwa humo humo, na swali la saa 6 lingejibiwa kwa wiki moja badala ya miezi. Sasa mirija inakaa miaka miwili kabla ya kutupwa, na kila sanduku lina karatasi inayotaja saa ya kuweka dawa, saa ya kuvuna, hatua ya seli na jina la maji ya lishe. Karatasi hiyo imeandikwa kwa mwandiko wa A.